Nusu debe la pumba kwa ng'ombe wa mbavu nje

Anayeleta ng'ombe aliyetelekezwa kwenye kituo cha kuokoa mifugo hapa Tanga, awe ametoka Pongwe au Handeni, mara nyingi hushusha vitu viwili kwenye Kirikuu: mnyama, na kiroba cha pumba. Maneno nayo ni yale yale: "Nimeshampa nusu debe njiani, amekula vizuri mno." Amekula vizuri. Hapo ndipo balaa lilipo.

Dhana: mnyama aliyekonda ana njaa, kwa hiyo ashibishwe.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo hawameng'enyi nyasi wenyewe. Wanaofanya kazi hiyo ni bakteria wa kwenye rumeni, yaani tumbo kubwa la kwanza. Mnyama aliyekaa wiki kadhaa amefungwa chini ya mnazi akitafuna makuti na maboksi, bakteria hao wamepungua, na waliobaki wamezoea nyuzinyuzi tu. Sasa mmwagie pumba za mahindi, ambazo huku kwetu hutoka mashineni zikiwa bado na unga mwingi. Wanga unachacha haraka, bakteria wa asidi ya laktiki wanazaana, pH (kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu umezidi) inashuka kutoka 6 na ushei hadi chini ya 5.5, wakati mwingine chini ya 5. Wale wa nyuzinyuzi wanakufa. Asidi ikizidi, rumeni huvuta maji kutoka kwenye damu: ukilisukuma tumbo linacheza kama dumu lenye maji, huku macho yamezama.

Kati ya saa 12 na 36 anaacha kucheua, anaharisha kinyesi chenye harufu ya uchachu, anayumba, analala. Akifa utasikia "siku zake zilikuwa zimefika." Hazikuwa zimefika. Na akiponea chupuchupu, baadaye anaweza kuchechemea kwa kuvimba ndani ya kwato, au kuota majipu kwenye ini.

Fanya hivi. Anza na maji, kidogo kidogo: mbuzi nusu lita kila nusu saa hadi kiu ikatike. Kisha nyasi kavu, safi, zisizo na ukungu. Siku tatu za mwanzo mpe uzito wa nyasi usiozidi asilimia 1 ya uzito wake kwa siku, ukigawa mara tano au sita. Mbuzi wa kilo 20 anapata gramu 200. Ndama wa kilo 180, kilo 1.8. Najua inaonekana uchoyo. Kuanzia siku ya 4 ongeza taratibu, ufike asilimia 2.5 siku ya 10. Pumba au mashudu ya nazi yasubiri mpaka hapo, na yaanze kwa gramu 50 kwa mbuzi na 200 kwa ng'ombe, yakiongezwa kila baada ya siku tatu. Pumba ikinuka uvundo, au ikiwa imeganda mabonge, tupa. Kwa unyevu wa pwani, kiroba kilichokaa sakafuni masika nzima hakifai hata kwa kuku.

Uzito usikisie kwa macho. Chukua futi ya fundi cherehani: mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele kwa sentimita, zidisha kwa wenyewe, zidisha kwa urefu kutoka bega hadi mfupa wa tako, gawanya kwa 10,840. Kifua 130 na urefu 115 ni takriban kilo 179. Pima kila wiki, asubuhi kabla hajala.

Ameshakula pumba nyingi? Ondoa zilizobaki, muwekee nyasi kavu, na umnyweshe baking soda gramu 1 kwa kila kilo ya uzito, ikiwa imeyeyushwa vizuri kwenye maji ya vuguvugu. Chupa ipite pembeni mwa mdomo, na pua isinyanyuliwe juu ya usawa wa macho, la sivyo maji yanaingia mapafuni. Akiwa ameshalala chini, hiyo haitoshi; mwite daktari wa mifugo amtundikie dripu.

Punda hana rumeni, na watu huona hiyo ni ruhusa. Siyo. Kwake wanga hugeuka sukari upesi, insulini inapanda, na fosfeti, potasiamu na magnesiamu vinakimbilia ndani ya seli. Moyo unabaki bila madini hayo, na punda aliyesimama vizuri jana anaanguka siku ya tatu hadi ya tano. Wa kilo 150 aanze na kilo 1 tu ya nyasi kavu kwa siku, mara sita. Majani ya lusina, ule mti wa malisho, usimpe kabisa. Sumu iliyomo, mimosini, humnyonyoa singa na mkia.

Dhana: kila aliyekonda ana minyoo, apigwe ivermectin siku ya kwanza. Funua kwanza kope la chini. Likiwa jekundu, subiri apate nguvu. Likiwa jeupe, damu imepungua: mtibu, lakini ivermectin haigusi minyoo bapa wa ini, na aliyelishwa mabondeni anaweza kuwa nao. Ng'ombe mwenye homa na tezi zilizovimba chini ya sikio anashukiwa ndigana kali, ugonjwa wa kupe. Dawa ya minyoo haimsaidii hata chembe.

Dhana: oili chafu hukausha kidonda cha mgongo. Huchoma nyama mpya. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita, na uondoe tandiko hadi ngozi ifunge.

Dhana: aliyelala anyanyuliwe kwa mkia. Unaharibu neva za mkia na za kibofu. Muwekee majani mengi makavu, mgeuze ubavu kila saa 3 au 4, kwa sababu misuli iliyolaliwa inakufa.

Dhana: punda ni mvumilivu, haumwi. Anaficha maumivu. Aliyegoma kula kwa siku moja ni wa dharura, maana mafuta ya mwili humwagika kwenye damu na kuharibu ini. Na kama aliletwa na mwenzake, usiwatenganishe hata kwa matibabu. Wengi wao hugoma kula kwa hilo tu.