Kutakasa vifaa vya meno si kuvisafisha

Kifaa kilichotakaswa ni kifaa ambacho hakikubakia kijidudu hata kimoja kinachoweza kuzaana: si bakteria, si kuvu, si virusi, wala spora, yaani lile gamba gumu ambalo baadhi ya bakteria hujifungia ndani yake mambo yakiwa magumu. Maana ndiyo hiyo, na haina nusu. Hakuna kifaa "kilichotakaswa kiasi".

Hata hivyo, ramani nyingi za kliniki za meno jijini Nairobi, hasa za kugeuza ofisi ya ghorofani kuwa kliniki, huwa na dari ya gipsamu, taa za kujificha, runinga juu ya kichwa cha mgonjwa, kisha kwenye kona iliyosalia, mraba wa mita moja na nusu ulioandikwa "sterilaizesheni". Ndani yake mna sinki moja na kisanduku chenye taa ya buluu, yaani ya miale ya urujuanimno (UV), kilekile cha kwa kinyozi. Kliniki hiyo huitwa ya kisasa. Kosa halikuanzia kwa fundi. Lilianzia kwenye neno.

Hilo "kusterilaizi" tulilolibeba kutoka Kiingereza lina mzizi wa Kilatini, sterilis, na maana yake ni tasa: shamba lisiloota kitu, mnyama asiyezaa. Kiswahili kinalo neno hilo kamili. Katika hisabati, namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe huitwa namba tasa, na kila mwanafunzi huelewa mara moja. Kifaa cha meno nacho kingeitwa kifaa tasa, tungeona papo hapo kwamba suala hapa ni uzazi, si mng'aro. Kioo cha kuchungulia meno kinaweza kumetameta huku kimebeba viini visivyohesabika.

Sisi tukachagua takasa. Ni neno zuri, limetoka kwa takata, kama mbingu inavyotakata baada ya mvua, na ndugu yake ni takatifu. Lilikuwa na uzito wake. Kisha korona ikaingia mwaka 2020, na kila mlango wa duka na kila matatu ikawa na chupa ya kitakasa mikono. Chupa yenyewe ilifanya kazi nzuri. Jina ndilo lililoharibu. Ngozi iliyo hai haiwezi kufanywa tasa, na pombe haiui spora. Lakini sikio limeshazoea kwamba kutakasa ni kunyunyiza na kusugua kidogo, na mazoea hayo yameingia hadi kliniki.

Kazi ziko tatu, na kila moja ina mahali pake. Kusafisha ni kuondoa damu, mate na uchafu unaoonekana. Kuua viini ni kutia dawa inayomaliza vingi vyavyo bila kuhakikisha spora zimekufa. Hii inatosha kiti, mpini wa taa na kaunta. Kutakasa ni kumaliza vyote, na kila kinachogusa damu au mfupa lazima kitakaswe: koleo la kung'olea, bomba la sindano, kijiko cha kukwangulia, kichwa cha drili.

Mfano wa jinsi kazi hizi zinavyochanganywa ni dawa ya glutaraldehaidi ya asilimia 2. Ukiloweka kifaa kwa dakika 20 umeua viini. Ili kukitakasa kwa dawa hiyohiyo unahitaji saa 10. Beseni ni lilelile, harufu ni ileile. Tofauti ni saa 9 na dakika 40, na wengi hukitoa kifaa baada ya zile 20 wakisema kimetakaswa.

Taa ya buluu nayo huua kile tu inachokimulika. Mwanga haupindi kona, kwa hiyo kiungo cha koleo, pale mikono miwili inapokutana na damu kunasa, hubaki kivulini. Kuchemsha ndiko kubaya zaidi kwetu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka yakifika karibu nyuzi 94, si 100. Kuna spora zinazostahimili hata hizo 100.

Kinachobaki ni mvuke ulioshinikizwa, yaani otoklevu. Charles Chamberland, aliyefanya kazi na Pasteur, ndiye aliyeiunda mwaka 1879. Jina limeunganisha neno la Kigiriki la "yenyewe" na la Kilatini la "ufunguo": chombo kinachojifunga chenyewe. Hufanya kazi kwa nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi, au nyuzi 134 kwa dakika 3 au zaidi, zikihesabiwa baada ya joto kufika, si baada ya swichi kuwashwa.

Hapa mwinuko wetu unaingia tena. Geji ya otoklevu ndogo za kufanana na sufuria ya presha hupima shinikizo lililozidi lile la hewa ya nje, na hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya pwani. Mombasa geji ikisoma pauni 15 kwa inchi ya mraba, ndani kuna nyuzi 121. Nairobi ikisoma 15 hiyohiyo, ndani kuna kama 118. Sharti ifike karibu 18. Mashine inayopima joto lenyewe haina shida hiyo, na kwa hapa hiyo ndiyo ya kununua.

Kichwa cha drili kina mirija myembamba ndani, na hewa iliyonaswa humo huuzuia mvuke kuingia. Kwa hiyo otoklevu iwe ya daraja B, ile inayofyonza hewa mara kadhaa kabla ya kuingiza mvuke. Mzunguko wake mzima, pamoja na kukausha, huchukua nusu saa hadi saa nzima. Ongeza kuosha na kufunga vifaa ndani ya bahasha za karatasi, ni kama saa moja na nusu. Kiti kikipokea mgonjwa kila dakika 45, vichwa viwili viko njiani, kimoja kinywani, kimoja cha akiba: vinne kwa kila kiti. Kliniki yenye viwili tu italazimika kupangusa kwa spiriti, hata daktari awe mwadilifu vipi.

Chumba chenyewe huelekea upande mmoja, na mraba ule wa kona hautoshi. Vichafu viingie upande huu, visafi vitokee upande ule, bila kukutana. Mwanzo kuna sinki mbili, ya kuoshea na ya kusuuzia, na ya mikono iwe kando yake. Maji ya kuoshea yasiwe ya moto, kwa sababu damu huganda juu ya chuma kama yai kwenye kikaango. Kisha beseni la ultrasoniki, linalobandua uchafu kwa mawimbi ya sauti, taa yenye lenzi ya kukagulia, mahali pa kukausha na kufunga bahasha, halafu otoklevu, na mwisho rafu zenye milango. Hewa isukumwe kutoka upande safi kwenda mchafu. Feni ikielekezwa kinyume, mpangilio wote umeharibika.

Otoklevu ipewe laini yake ya stima. Stima ikipotea katikati, mzunguko huo haukuwapo: kila kitu kirudiwe tangu mwanzo, kwa bahasha mpya. Ipewe maji yaliyotolewa madini, maana maji ya kisima cha kuchimbwa huacha magadi kwenye chemba na kuziba vali. Bahasha zisimamishwe kwenye trei, zisilundikwe, na ikitoka yenye unyevu ihesabiwe chafu, kwani karatasi mbichi hufyonza viini kutoka mkononi. Alama inayobadilika rangi juu ya bahasha husema tu kwamba imepitia joto. Kujua kama spora zimekufa kunahitaji kipimo chenye spora hai, kila wiki.

Kwa mchoraji, basi, marekebisho si makubwa. Penye sinki andika "kusafishia". Penye mashine ya mvuke andika "kutakasia", na katikati chora mshale mmoja. Kisanduku chenye taa ya buluu, kama kimeshanunuliwa, hakihitaji kutupwa. Kitahifadhi vizuri bahasha zilizokwisha kutakaswa, mlango ukifungwa. Kiandikwe tu "kabati".