Matofali matatu chini ya kitanda

Picha yenyewe ilikuwa mbovu. Giza, imetikisika, na kidole cha mpigaji kimeziba kona moja. Ilionyesha mguu wa kitanda cha mbao uliosimama juu ya tofali. Mwanafunzi aliyekuwa anakusanya picha za kikundi chake aliitupa kwenye fungu la zilizoharibika. Mada yetu ilikuwa maji na afya katika mtaa mmoja wa bondeni, kando ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam, na yeye alikuwa anasubiri mitaro iliyoziba na watoto pekupeku kwenye tope. Picha za kalenda za mashirika, kwa kifupi.

Nikamwambia airudishe mezani.

Siku ya mazungumzo, mama aliyeipiga, mkazi wa mtaa huo, aliulizwa anaona nini hapo. Akacheka. "Wanangu, hiyo ndiyo masika yangu." Vuli huweka tofali moja kila mguu, masika huweka matatu. Mwaka ambao maji yalipita la tatu, alihamishia watoto juu ya meza ya jirani. Hapo kila mtu akaanza kutaja hesabu yake: wa karibu na daraja manne, wa juu kidogo mawili, mzee mmoja akasema yeye haweki tofali tena, ameshauza kitanda. Haikupita nusu saa tukawa tumejua kina cha maji kwa mtaa mzima, nyumba hadi nyumba, kipimo kikiwa tofali. Hojaji ya wanafunzi wangu, waliyoihangaikia wiki tatu, ilikuwa na swali moja tu la mafuriko: "Je, umewahi kupata elimu kuhusu mafuriko? Ndiyo/Hapana."

Nafundisha mbinu za utafiti kwa wanachuo wa maendeleo ya jamii, na kwa miaka kadhaa sasa sehemu ya kazi ya uwandani tunaifanya hivi: kamera anashika mwenyeji, mwanachuo anashika daftari. Kitaalamu huitwa fotovoisi. Jina hilo lilienezwa na Caroline Wang na Mary Ann Burris, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliwapa kamera wanawake 62 wa vijijini katika jimbo la Yunnan, China, wapige picha za kazi na afya zao, kisha wazizungumzie mbele ya watunga sera. Makala yao ya mwaka 1997 ndiyo inayotajwa hadi leo kila mtu anapoandika sura ya mbinu.

Mimi lakini huanza darasa na kisa cha Peru. Mwaka 1973, Augusto Boal, mtu wa maigizo kutoka Brazil, alikuwa Lima katika mpango wa kisomo uliofuata fikra za Mbrazil mwenzake, mwanaelimu Paulo Freire. Watu walipewa kamera wajibu maswali kwa picha. Walipoulizwa unyonyaji ni nini, mtoto mmoja alileta picha ya msumari uliopigiliwa ukutani. Wakubwa wakatazamana, lakini watoto wenzake walielewa mara moja. Wengi wao walikuwa wang'arisha viatu, wanakaa mbali, na sanduku la kazi ni zito kulibeba kwenda na kurudi. Basi walikuwa wakikodi msumari kwenye ukuta wa duka ili walitundike sanduku usiku. Kila walipouona msumari waliona pesa yao inavyoondoka.

Nasimulia hivyo kila mwaka, wanafunzi wanatikisa vichwa, wanaandika. Na kila mwaka picha za kwanza wanazozitarajia kutoka mtaani ni za dampo.

Jambo jingine ninalolisisitiza, maana vijana wetu hudhani kila mbinu imeshuka na ndege: wazo la kumfanya mwananchi awe mtafiti lina mizizi hapahapa. Miaka ya 1970 Marja-Liisa Swantz kutoka Finland na watafiti vijana wa Kitanzania walifanya kazi na wanavijiji katika eneo la Bagamoyo kwenye mradi ulioitwa Jipemoyo. Budd Hall, mwingine aliyeeneza utafiti wa aina hii, alikuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, Dar es Salaam, na Freire mwenyewe alipita jijini mwanzoni mwa muongo huo. Sehemu kubwa ya kile ambacho dunia inakiita leo utafiti shirikishi ilichemka kwenye vikao vya aina hiyo. Mwanachuo anayeinukuu mbinu hii kutoka makala ya ng'ambo, babu yake huenda alikaa kwenye mkeka uleule.

Utaratibu wenyewe hauna makuu. Kibali, barua ya utambulisho, kujitambulisha ofisi ya serikali ya mtaa, na mwenyekiti akitaka kujua nyie ni wa chama gani, mjibuni kwa upole. Mafunzo ya wapiga picha ni alasiri mbili. Simu inatosha, na mwenye simu ya batani tunamwazima. Muda mwingi wa alasiri hizo hauendi kwenye kamera bali kwenye swali la nani unaruhusiwa kumpiga, na unamwombaje.

Kila mshiriki analeta picha tano tu. Wanafunzi hulalamika, wanataka nyingi, wanaziita data. Ila mtu aliyepiga arobaini akaambiwa achague tano ameshaanza uchambuzi kabla hajafungua mdomo: kaamua kipi kizito. Ukimchukulia zote arobaini ukachague mwenyewe ofisini, umemnyang'anya kazi yake.

Kwenye mazungumzo tunafuata maswali matano ambayo wanaotumia mbinu hii wengi wanayajua: Unaona nini hapa? Nini hasa kinatokea? Kinahusianaje na maisha yetu? Kwa nini hali hii ipo? Tufanye nini? Wanachuo hukimbilia la tano. Siwalaumu sana, ripoti zetu zinawadai "mapendekezo", na wengi wameshayaandika kabla hawajapanda daladala. Kazi yangu ni kuwarudisha kwenye la nne na kuwaacha hapo mpaka waone aibu ya kimya. Kwa yule mama, la nne ndilo lililotutoa kwenye matofali. Kwa nini maji yanapita la tatu siku hizi na zamani hayakupita? Wakaanza kutaja ukuta uliojengwa juu ya mkondo wa mtaro, mchanga unaochimbwa mtoni, takataka zinazoshuka kutoka mitaa ya juu. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye hojaji.

Sasa niseme la aibu, maana blogu nyingi za mbinu hii zinaimba sifa tu.

Mwaka uliofuata kijana mmoja wa mtaani alileta picha iliyopigwa usiku wa mvua: bomba linatoka kwenye choo cha jirani yake, kinyesi kinaenda na maji ya mafuriko. Dar tunaita kutapisha choo, na kila anayekaa bondeni anajua kinachofanyika mvua ikinyesha. Picha ilikuwa na kila kitu mwalimu anachokitamani: tatizo, ushahidi, mjadala. Ilikuwa na mlango wa nyumba pia, na kitenge kinachotambulika kwenye kamba. Kabla hatujaamua tuifanye nini, mwanafunzi mmoja aliiweka kwenye stetasi ya WhatsApp, akaandika "Fieldwork" na emoji tatu za moto. Jioni ilikuwa imesharudi mtaani. Mwenye nyumba alikuja ofisi ya mtaa akiwa na wanawe wawili, na kijana aliyepiga picha akalala kwa shangazi yake siku nne.

Tulienda kuomba radhi, mimi mbele. Mwenye nyumba alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Gari la kunyonya choo haliingii uchochoro huu. Mlipiga picha ya bomba. Uchochoro mbona hamkuupiga?" Sikuwa na jibu, na sina aibu kukiri kwamba lile lilikuwa swali la nne, limeulizwa vizuri kuliko nilivyowahi kuliuliza mimi.

Tangu hapo ridhaa tunaomba mara tatu: ya mshiriki kabla hajaanza, ya mtu anayepigwa, na tena ya mshiriki kwa kila picha itakayotoka nje ya chumba. Ile ya tatu inaweza kuondolewa hata siku ya maonyesho. Picha hazikai kwenye simu za wanafunzi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022 na tunaisoma darasani, lakini sheria haitakuambia kwamba kitenge kwenye kamba ni sura ya mtu.

Watu huniuliza natoaje maksi. Picha sizipi maksi, si za wanafunzi. Nasahihisha shajara ya mwanafunzi, na ninachotafuta humo ni mahali alipobadili mawazo, pameandikwa tarehe na nani aliyembadilisha. Shajara isiyo na mahali hapo haipiti, hata kama imepigwa chapa na kujaladiwa. Yule aliyeitupa picha ya kitanda aliandika ukurasa mmoja na nusu kuhusu fungu lake la "zilizoharibika", akaorodhesha picha nyingine sita alizokuwa amezitupa, akaenda kumwuliza kila mwenye picha alikusudia nini. Nne kati ya hizo ziliingia kwenye maonyesho.

Maonyesho tuliyafanya ofisi ya mtaa, picha zimebandikwa kwa selotepu. Diwani alikuja, akakaa kuliko tulivyotegemea, akaahidi. Ukuta kwenye mkondo bado upo. Mtaro ulizibuliwa na wakazi wenyewe Jumamosi mbili mfululizo. Mama aliomba nakala ya picha yake, tukamsafishia kubwa studio. Nilipopita kumsalimia kabla ya vuli ilikuwa imetundikwa juu ya kitanda, na chini ya kitanda matofali yalikuwa tayari mawili.