Si kila kinachozunguka relini ni rola kosta

Kila skukuu ya Idi neno hili hupata taabu. Pale uwanja wa Makadara, hapa Mombasa, kigari chenye kichwa cha joka kinazunguka duara lake na watoto wamejaa, na mwenyewe ameshika kipaza sauti: rola kosta, rola kosta, njooni! Ile meli inayopembea huku na huku, nayo ni rola kosta. Ukirudi nyumbani ukafungua redio, mtangazaji anasoma bei mpya ya petroli, anasema ati imepanda kama rola kosta. Imetosha sasa.

Maana yenyewe ni fupi. Rola kosta ni kigari cha relini kinachopandishwa juu kisha kikaachiliwa. Kuanzia hapo hakuna mota inayokisukuma. Kinakwenda kwa uzito wake na kwa mteremko mpaka kikutane na breki. Baadhi ya zile kubwa za siku hizi hurushwa kwa sumaku badala ya kupandishwa, na nyingine hupandishwa mara mbili, lakini msingi haubadiliki: nguvu hutiwa kwanza, kisha safari huitumia.

Linalonikera ni hiyo mota. Joka la Makadara lina mota inayolizungusha mwanzo hadi mwisho. Kwenye kijilima kile cha nusu mita linapanda na kushuka kwa mwendo uleule, na mwenyewe akizima swichi linasimama papo hapo. Hilo ni treni. Treni ndogo, nzuri, yenye meno na taa, lakini ni treni. Ukitaka kulipima, fikiria stima imepotea katikati ya safari, jambo ambalo sisi hatuhitaji kulifikiria sana. Treni ya joka itakwama pale ilipo. Rola kosta ambayo imeshavuka kilele chake haitajua hata kama stima imepotea. Itamaliza vilima vyake vyote kwanza.

Mwenye kutaka kuiona nguvu hii aende Likoni akamtazame hamali anavyoteremka na mkokoteni kuingia feri. Hasukumi tena. Amelalia nyuma, visigino vimekita chini, anauzuia, kwa sababu magunia yale yana haraka kuliko yeye. Jasho alilotoa kuufikisha mzigo juu ndilo linalomsukuma sasa. Muondoe hamali, weka reli na breki za kutegemewa, umeshaelewa rola kosta.

Wapo watakaonijibu kwamba hizo za watoto si za kuhesabiwa, rola kosta ya kweli ni ile ya kutapisha watu. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana ukubwa hauhusiki kabisa.

Chukua Little Dipper. Ni rola kosta ya watoto, ya mbao, iliyojengwa mwaka 1950 na kampuni ya Philadelphia Toboggan katika uwanja wa michezo wa Kiddieland, Melrose Park, nje kidogo ya Chicago huko Marekani. Kiddieland ilianza mwaka 1929 na vifarasi vya kupandisha watoto, kisha mashine zikaongezwa moja baada ya nyingine. Kilima cha Little Dipper kina futi 28 tu, kama nyumba ya ghorofa mbili za Mji wa Kale, na reli yake yote ni kama futi 700. Lakini ina kila kitu kinachotakiwa. Chini kuna mota, nayo haikai kwenye kigari. Inazungusha mnyororo, mnyororo unaishika treni na kuiburura hadi kileleni, kisha unaiachia. Ule mlio wa tak-tak-tak unaosikika kwenye rola kosta zikipanda ni ulimi wa chuma unaodondokea meno ya reli, jino baada ya jino, ili mnyororo ukikatika kigari kisirudi kinyumenyume. Baada ya kilele mlio unakoma, na watoto wanaanza kupiga kelele.

Kiddieland ilifungwa mwaka 2009. Wenye ardhi na waendeshaji, wote jamaa wa familia moja, walishindwa kuelewana juu ya kukodisha kiwanja. Ugomvi wa shamba la babu si wa huku kwetu peke yake. Vitu vikapigwa mnada. Little Dipper ikanunuliwa kwa dola 33,000 na Six Flags Great America ya Gurnee, kaskazini zaidi katika jimbo hilohilo la Illinois, ikafunguliwa tena huko mwaka 2010. Uwanja wenye mashine za kutisha kwelikweli ulikwenda kununua kirola kosta cha watoto chenye umri wa miaka 60. Hao wanajua wanachokihesabu.

Na tukiamua kupimana kwa kasi, ndipo wenye dharau wanaposhindwa kabisa. Kitu kikishuka mita 7, kama kwenye mteremko wa Little Dipper, bila msuguano, kiwe kizito au chepesi, kinafika chini na mwendo wa kilomita 42 hivi kwa saa. Msuguano hukata kidogo. Sasa linganisha na ile ya LaMarcus Thompson, iliyofunguliwa Coney Island, New York, mwaka 1884, ambayo ndiyo iliyoanzisha biashara hii Marekani. Watu wazima na kofia zao walilipa senti tano, wakapanda mnara kwa ngazi, wakateremshwa kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa. Daladala ya baiskeli ingewapita. Hakuna aliyesema hiyo si rola kosta.

Thompson naye hakutoa wazo hewani. Huko Mauch Chunk, Pennsylvania, tangu mwaka 1827 makaa ya mawe yalikuwa yakiteremshwa mlimani kwa reli bila injini, na nyumbu, wale wanaozaliwa na punda na farasi, nao wakipanda vigari kushuka, kisha wakivuta matupu kurudi juu. Na kabla ya hapo Warusi walikuwa wakijenga majukwaa ya mbao wakati wa baridi, wanayamwagia maji yagande, wanateleza. Wafaransa wakalichukua wazo hilo wakalitia magurudumu, na kufikia 1817 Paris ilikuwa na vigari vya kuteremka vilivyofungwa kwenye njia yake visiweze kuchomoka.

Ndiyo maana nasema, ukiyatazama yaliyopo Mombasa, lililo karibu zaidi na rola kosta si joka la Makadara. Ni yale mabomba ya kuteleza na maji ya Wild Waters kule Nyali. Unapanda ngazi mwenyewe, unakaa, unajiachia, hakuna mota nyuma yako. Hayana reli wala magurudumu, kwa hiyo bado si rola kosta, lakini kwa nasaba ni binamu wa zile barafu za Warusi.

Mtangazaji wangu wa petroli naye, kwa heshima zote: katika rola kosta ya mnyororo mmoja, kilima cha kwanza ndicho kirefu kuliko vyote, kwa sababu kila mteremko na msuguano wake. Vinavyofuata lazima viwe vifupi, la sivyo kigari kitashindwa kuvivuka. Bei ambayo kila mwezi inavuka ya mwezi uliopita bado iko kwenye mnyororo, haijaachiliwa.

Na mwenye joka simtii hatiani. Ana biashara yake ya siku chache, na watoto wanashuka wakicheka. Ila wewe mzazi, mwanao akikuuliza kama hii ndiyo rola kosta, mwambie hapana mwanangu, hii ni treni, ina mota yake. Kisha mlipie, apande.