Dinkinesh: mwamba ulioishi kwa namba miaka mingi kabla ya kupata jina

Kila ninapozungumzia asteroidi mbele ya watu, swali la kwanza huwa la bei: nilipe shilingi ngapi moja iitwe kwa jina langu? Hakuna bei. Wanaouza vyeti vya majina ya nyota mtandaoni wanauza karatasi tu. Jina la asteroidi hutolewa bure, ila lina foleni yake, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni Dinkinesh, mwamba ambao upana wake haufiki hata kilomita moja. Unazunguka Jua katika sehemu ya ndani ya ukanda mkuu wa asteroidi, ulio kati ya Mirihi na Mshtarii.

Ulionekana tarehe 4 Novemba 1999 na mradi wa kusaka asteroidi uitwao LINEAR, uliokuwa na darubini zake karibu na Socorro, New Mexico. Hapakuwa na mtu aliyekodoa macho usiku kucha na kupiga kelele kwa furaha. Kompyuta zililinganisha picha za sehemu ileile ya anga na kutafuta nukta iliyosogea. Nukta hii ikapewa utambulisho wa muda: 1999 VD57. Ukijua kuusoma, unasema mengi. 1999 ni mwaka. Kila nusu ya mwezi ina herufi yake, kuanzia A kwa Januari mosi, herufi I ikirukwa. V ni nusu ya kwanza ya Novemba. D ni ya nne katika orodha ya herufi 25, na 57 ina maana orodha hiyo ilikuwa imeshaisha mara 57 na kuanza upya. Piga hesabu: 57 mara 25 ni 1425, ongeza 4. Kilikuwa kitu cha 1429 kuorodheshwa katika nusu mwezi ule!

Baada ya hapo ni kusubiri. Kituo cha Sayari Ndogo, kinachotunza orodha ya asteroidi huko Cambridge, Massachusetts, Marekani, hakitoi namba ya kudumu mpaka asteroidi ionekane tena na tena, kwa kawaida katika misimu minne au zaidi, na njia yake ijulikane kiasi kwamba haiwezi kupotea. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yenyewe. Jina ni pambo. Dinkinesh ilipata namba 152830. Kuanzia hapo mgunduzi huwa na miaka 10 ya kupendekeza jina, lakini LINEAR iligundua maelfu kwa maelfu. Nani akae ayatungie majina yote?

Kanuni za majina nazo zipo. Lisizidi herufi 16, litamkike, lisimtusi mtu, lisitangaze biashara. Wanasiasa na wanajeshi husubiri miaka 100 baada ya kufa. Majina ya wanyama wa nyumbani hayatakiwi, na hapo pana kisa: James Gibson aligundua asteroidi 2309 mwaka 1971, akaiita Mr. Spock, jina la paka wake. Wenzake hawakupendezwa, na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ukaweka msimamo dhidi ya mtindo huo. Mr. Spock mwenyewe hakunyang'anywa jina. Mimi paka huyo hanisumbui hata kidogo.

Kilichoitoa 1999 VD57 kwenye foleni ni safari. Chombo cha NASA kiitwacho Lucy kilirushwa Oktoba 2021 kwenda kwenye asteroidi zinazozunguka Jua katika njia moja na Mshtarii. Raphael Marschall, wa kituo cha uangalizi wa anga cha Nice, Ufaransa, aligundua kwamba chombo kingepita umbali wa kilomita 64,000 hivi kutoka kwenye mwamba huu. Kwa vipimo vya anga, hapo ni jirani. Januari 2023 NASA ikauongeza kwenye ratiba, hasa ili kujaribu mfumo unaoziwezesha kamera kuufuata mwamba wakati chombo kinapita kwa kasi.

Lucy ni jina la mabaki ya kiumbe wa ukoo wa binadamu aliyeishi miaka milioni 3.2 iliyopita. Yalipatikana Hadar, Ethiopia, tarehe 24 Novemba 1974 na Donald Johanson na wenzake, na jina likatokana na wimbo wa Beatles uliokuwa ukipigwa kambini. Waethiopia wao humwita Dinkinesh, yaani "wewe ni wa ajabu" kwa Kiamhari. Februari 2023 jina hilo likapitishwa kwa asteroidi. Nilifurahi sana: la kambini lilikuwa limeshachukuliwa na chombo, la wenyeji likaenda kwenye mwamba wenyewe.

Njia ya chombo ikarekebishwa kidogo, na tarehe 1 Novemba 2023 kikapita kilomita 430 tu kutoka kwenye mwamba huo, kwa mwendo wa kilomita 4.5 kwa sekunde. Picha zikaonyesha kwamba mwamba una mwezi wake unaouzunguka. Picha zilizofuata zikaonyesha kwamba mwezi huo ni mabonge mawili yaliyogusana, kila moja lenye upana wa mita 200 na kitu. Jambo hilo halikuwahi kuonekana popote. Asili yake yaelekea ni mwanga wa Jua: asteroidi ndogo hupokea joto na kulitoa bila ulinganifu, na taratibu, kwa mamilioni ya miaka, huongezewa kasi ya kujizungusha mpaka vifusi vya juu vinaruka, kama tope kwenye gurudumu la baiskeli. Vifusi hivyo hukusanyika na kuwa mwezi. Kwa nini yawe mabonge mawili yanayokaribiana hivyo kwa ukubwa, hapo bado tunabishana.

Mwezi uliitwa Selam mwezi uleule wa Novemba, kwa jina la mtoto ambaye mabaki yake yalipatikana mwaka 2000 na timu ya Zeresenay Alemseged huko Dikika, si mbali na Hadar. Watu hupenda kumwita mtoto wa Lucy, ingawa ana miaka milioni 3.3, kwa hiyo alimtangulia huyo "mama" kwa zaidi ya miaka laki moja. Johanson naye ana asteroidi ya kwake, 52246 Donaldjohanson, na chombo cha Lucy kilipita karibu nayo Aprili 2025. Nayo ikakutwa na umbo la mabonge mawili yaliyoungana.