Fyuzi peke yake haizuii mruko wa umeme

Wengi huamini kwamba TV yenye fyuzi iko salama umeme ukirudi kwa kishindo. Lakini fyuzi hukatwa na joto la mkondo uliozidi, na mruko wa volti, yaani volti kupanda ghafla, hupita kabla haijayeyuka. Kinachoupunguza makali ni varista, kidude bapa cha duara, mara nyingi cha buluu, baada ya fyuzi.

Ukibadilisha varista, soma maandishi yake. 10D431K ni kipenyo cha milimita 10 na volti 430 ambazo varista huanza kupitisha umeme: 43, kisha sifuri moja. Ya 231K, yaani 230, inaonekana kufaa umeme wa nyumbani wa volti 230, ila kilele cha umeme huo hufika 325, kwa hiyo itaungua. Ya volti kubwa mno nayo ni pambo tu.