Oti za Kulaza: Lazima Zilale Ndani ya Friji

Siku hizi mjini na hata mashamba, kina mama na vijana wengi wamezoea kulaza oti: usiku wanazichanganya na maziwa, asubuhi wanakula bila kuwasha jiko. Ni chakula kizuri, na mimi nawahimiza watu wakile badala ya maandazi na chai yenye sukari tele kila siku. Lakini sisi tunaohudumia wagonjwa hapa Unguja tunaona upande wa pili pia. Anafika mtu anatapika, au mama amembeba mtoto aliyelegea kwa kuhara, na ukiuliza alikula nini asubuhi, unaambiwa chakula kilicholala mezani. Basi haya ni maswali ninayoulizwa, na majibu yangu.

Oti za kulaza ni nini hasa?

Ni oti zilizorowekwa kwenye maziwa au mtindi, zikakaa usiku kucha ndani ya friji, zikaliwa asubuhi zikiwa baridi. Hazipikwi, kwa sababu zile oti bapa za kwenye pakiti zimeshapitishwa kwenye mvuke kiwandani kabla ya kubanwa. Zikikaa kwenye maziwa, nyuzinyuzi zake zinazoitwa beta-glukani hunyonya maji na kufanya ute. Ule ute ndio unaoleta ulaini mdomoni, na huo huo ndio unaosaidia kupunguza kolesteroli mbaya kwenye damu. Mtu anahitaji kama gramu 3 za beta-glukani kwa siku ili apate faida hiyo, na nusu kikombe cha oti kavu, yaani gramu 40 hivi, hutoa karibu nusu yake.

Nifanyeje ziwe tamu na nzito kama malai?

Kwa mtu mmoja, chukua nusu kikombe cha oti bapa, nusu kikombe cha maziwa na robo kikombe cha mtindi. Mtindi usiuache, maana ndio unaofanya mchanganyiko uwe mzito. Maziwa yakiwa ya ng'ombe wa jirani, yachemshe kwanza mpaka yafure, kisha yaache yapoe. Maziwa mabichi hayaliwi na oti wala na kitu kingine chochote.

Utamu utoe kwenye matunda. Ponda ndizi moja iliyoiva sana, ile ambayo ganda lake limeshaanza madoa meusi, kwa sababu hapo wanga wake umegeuka sukari. Au chukua tende tatu, toa kokwa, zimwagie maziwa ya moto kidogo, ziache dakika kumi zilainike, kisha zisage kwa mgongo wa kijiko mpaka ziwe rojo. Tia iliki iliyotwangwa, mdalasini na chembe ya chumvi. Chumvi kidogo hutoa utamu mbele, jaribu utaona. Msimu wa embe, embe boribo lililoiva linatosha peke yake.

Koroga, subiri dakika tano, koroga tena, kwa sababu za chini hushikana na za juu zikabaki kavu. Funika vizuri, tia ndani ya friji papo hapo. Zikikaa saa nne au tano zinakuwa tayari, lakini usiku kucha ni bora zaidi. Oti zilizokatwakatwa vipande vigumu hazifai kwa njia hii, zinabaki kutafunika. Na zile za kupikwa dakika moja hulainika mno zikawa kama gundi. Tui la nazi linanoga, lakini linachacha upesi. Kijiko kimoja au viwili vinatosha, na liwe la kukamuliwa wakati huo huo.

Friji sina. Naweza kuziweka mezani nikafunika kawa?

Hapana.

Kawa linazuia nzi na mjusi, halizuii vijidudu. Hali ya hewa yetu usiku, hasa Kaskazi inapovuma, ni joto ambalo vijidudu vinalipenda. Chakula chenye maziwa kinatakiwa kiwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, au kiwe cha moto zaidi ya nyuzi 60. Katikati hapo, vijidudu vinazaana. Kuna vinavyoongezeka mara mbili kila baada ya dakika 20 vikipata joto, maji na chakula, na bakuli lako la oti lina vyote vitatu. Piga hesabu mwenyewe: kimoja tu, ndani ya saa nane, kinaweza kuzaa zaidi ya milioni 16. Ndiyo maana tunasema saa mbili nje ya friji, basi. Kuanzia saa tatu za usiku mpaka saa moja asubuhi ni saa kumi.

Na usiniambie umeweka bakuli juu ya sakafu ya saruji, au ndani ya beseni la maji ya mtungi. Vinapoza kidogo, havifiki nyuzi 5. Hapana.

Lakini asubuhi nainusa, na haijanuka. Si ndiyo salama?

Hapana, na hili ndilo linalowalaza watu vitandani.

Pua hunusa uchachu na uozo. Haiwezi kunusa vijidudu vinavyotapisha. Kuna kijidudu kinachoitwa Bacillus cereus, kinapatikana kwenye udongo na kwenye nafaka kavu, mchele na oti zikiwemo. Kingine kinatoka kwenye mikono yetu na puani, kinaitwa Staphylococcus. Vyote viwili vinaweza kutoa sumu chakula kikiwa na rangi yake, harufu yake na ladha yake ile ile. Tena ukishatia iliki, mdalasini na ndizi, ungenusa nini hapo?

Narudia kwa sababu nasikia neno hili kila mara: "haijanuka" si kipimo. Aliyelaza chakula mezani akala mara nyingi bila kuumwa, si kwamba chakula kilikuwa salama. Siku sumu itakapotosha, hapatakuwa na harufu ya kumwonya.

Nikiichemsha asubuhi, vijidudu si vitakufa?

Vijidudu vingi vitakufa. Sumu haifi. Sumu ya Bacillus cereus inayoleta kutapika, na ile ya Staphylococcus, zinastahimili moto wa jikoni. Unaweza kuchemsha mpaka uji ukaungua chini, sumu bado imo. Kwa hiyo kilicholala mezani hakipashwi moto wala hakipewi watoto "kwa sababu wewe huna hamu nacho". Kinamwagwa. Najua inauma kumwaga maziwa na bei yake ya leo. Kimwage.

Friji ninalo, lakini nalizima usiku kuokoa yuniti.

Basi usiku huna friji, una kabati. Hakuna kitu kinachonisikitisha kama mtu mwenye friji zima anayelala na chakula cha joto ndani yake. Kama lazima ubane umeme, kuna taa na televisheni. Friji lenye chakula cha maziwa haliguswi.

Na kwa wanaouza barafu na malai nyumbani: mlango unaofunguliwa na watoto wa mtaa mzima kila baada ya dakika chache hauachi baridi ikakaa. Oti zako ziweke nyuma kabisa, chini, mbali na mlango, wala zisiwe karibu na samaki wabichi wanaodondosha maji.

Umeme ukikatika usiku je?

Friji lililofungwa bila kufunguliwa hushika baridi kama saa nne. Ukijua umekatika zaidi ya hapo, au umeamka ukakuta maji yametiririka sakafuni na bakuli lina joto mkononi, usile. Sisi tuliokaa gizani miezi mitatu Unguja, kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, tunajua friji bila umeme ni sanduku tu.

Sasa nisiye na friji nikose oti?

Hukosi kitu. Zipike asubuhi, dakika tano zinatosha uji mzuri. Kama hutaki kuwasha jiko, amka, changanya oti na maziwa au mtindi wa siku hiyo, ziache nusu saa wakati unajitayarisha, kisha kula. Hazitakuwa laini sana, lakini ziko salama. Pima oti na utwange iliki usiku ukipenda, vikae vikavu. Maziwa yaingie asubuhi.

Mtoto amekula, sasa anatapika na kuhara. Nisubiri kwanza nione?

Usisubiri. Sumu hizi huanza kutapisha ndani ya saa moja hadi sita, na kuhara kunaweza kufuata baadaye. Mtu mzima mwenye afya mara nyingi hupata nafuu ndani ya siku moja. Mtoto mdogo anaweza kuishiwa maji kabla siku haijaisha.

Anza kumpa maji ya chumvichumvi ya pakiti (ORS) nyumbani, saa hiyo hiyo: pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko, akitapika ngoja dakika kumi, kisha endelea. Anayenyonya aendelee kunyonya. Wako wanaomnyima mtoto maji ili kuhara "kukauke". Wanachokikausha ni mtoto mwenyewe. Nawaomba sana tuliache jambo hili.

Mpeleke kituo cha afya mara moja ukiona lolote katika haya: macho yameingia ndani, analia bila machozi, hajakojoa kwa saa nyingi, ngozi ya tumbo ukiibana inarudi polepole, anatapika kila anachokunywa, kinyesi kina damu, ana homa kali, au amelegea na hataki kuamka. Huko atapewa pia zinki, ya kumeza siku 10 hadi 14.

Tunaambiwa "anaota meno". Tunaambiwa ni zongo, yaani jicho la hasidi, alipelekwa kwanza akasomewe, wakarudi nyumbani kulala, asubuhi ndipo wakaja. Dua hakuna anayeikataa. Msomeeni njiani, ndani ya gari, mkija kwetu. Usiku mmoja ni mrefu mno kwa mtoto anayeishiwa maji. Na msipite duka la dawa kununua vidonge vya kufunga tumbo au antibayotiki za kubahatisha, sumu ya chakula haiondolewi na antibayotiki.

Naweza kutia maziwa mazito ya kopo? Ndiyo yanayozifanya tamu.

Zaidi ya nusu ya uzito wa maziwa hayo ni sukari. Kijiko kimoja kikubwa ni zaidi ya vijiko viwili vya chai vya sukari, na nimeona watu wanatia vitatu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe kama vijiko 12 vya chai vya sukari ya kuongeza kwa siku, na ikiwezekana abaki kwenye sita. Na chai bado hujainywa. Tumia tende.

Nina kisukari. Nikila oti naweza kupunguza vidonge?

Hapana. Oti ni chakula, tena ni wanga. Kula kwa kipimo, nusu kikombe kavu, tende moja badala ya tatu, na dawa zako zote kama ulivyoandikiwa.

Mtoto wa miezi minane ale?

Ale uji wa oti uliopikwa, wa moto, wa saa hiyo. Za kulaza asubiri akue. Asali asipewe kabisa kabla hajatimiza mwaka, inaweza kumletea sumu ya botulini. Aliye chini ya miezi sita ni maziwa ya mama pekee.

Zinafaa kwa daku? Na zinakaa siku ngapi?

Zinafaa sana kwa daku, zinashibisha muda mrefu na huhitaji kuingia jikoni na usingizi. Changanya ukitoka Tarawehe, saa kumi za alfajiri ziko tayari. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuponda ndizi, na chombo kiwe kimekauka.

Ndani ya friji linalofanya kazi vizuri zinakaa mpaka siku tatu, ila zenye ndizi au embe zile kesho yake. Ukizibeba skuli au kazini, ziwe kwenye chombo chenye barafu, au zile ndani ya saa mbili. Pakua kiasi chako kwenye bakuli jingine. Zilizokwisha kuliwa na kijiko kilichotoka mdomoni zisirudi kwenye friji.