Upande wa sinia usiopungua

Bibi yake ndiye aliyegundua mwanzo, kabla yetu sisi wa hospitali. Nyumbani kwao Kisauni wanakula sinia moja watu sita, na kila mtu anakula mbele yake, kama adabu inavyotaka. Bibi akawa anaona jambo lile lile siku baada ya siku. Mjukuu anafinyanga tonge, analichovya kwenye mchuzi, anacheka na wenzake, lakini wali wa upande wake haupungui. Ukipungua, ni kwa kuwa ameusogeza kwa vidole kuelekea kwa mdogo wake. "Daktari," bibi aliniambia, "mtoto huyu mkono unakula, mdomo hauli."

(Nimebadilisha mambo kadhaa ili familia hii isitambulike.)

Naongoza kituo kidogo cha kutibu maradhi ya ulaji hapa Mombasa: vitanda 8, jikoni moja, meza moja ndefu. Kwa masomo mimi ni daktari wa magonjwa ya akili. Kila wiki naulizwa kama maradhi haya yapo kwetu kweli, au ni mambo ya Ulaya. Yapo. Ila kwetu yanapata pa kujificha. Chakula cha sinia hakina sahani ya mtu inayorudi jikoni imejaa. Na kukonda tumeshakupa majina mengine: ana mawazo, amerogwa, ana jini, au kwa kunong'onezana, ana virusi. Nimempokea msichana aliyepimwa virusi mara tatu na kusomewa visomo mara mbili kabla mtu yeyote hajamuuliza anaogopa nini akiona chakula.

Wengine hawakondi hata kidogo. Bulimia, ambayo Gerald Russell aliieleza mwaka 1979 akiwa London, ni kula kingi kwa muda mfupi bila kuweza kujizuia, kisha kujitapisha au kutafuta njia nyingine ya kukitoa. Mtu huyu unamwona ana mwili wake wa kawaida, anakwenda kazini, anahudhuria harusi. Dalili ziko kwenye meno yaliyolika na mashavu yaliyovimba chini ya masikio, na hatari iko kwenye potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, ambayo ikishuka moyo huweza kusimama. Kwa hiyo kituoni kwetu mizani haiamui nani ni mgonjwa na nani si mgonjwa. Msisubiri mtu akonde ndipo mumlete.

Nilipofungua kituo nilidhani kuongoza ni leseni, mishahara na zamu za wauguzi. Nilijifunza vingine kwa kosa langu mwenyewe.

Tulikuwa tumempokea binti aliyekaa wiki nyingi karibu bila chakula. Mwili wa namna hiyo haulishwi kwa pupa. Mtu akishinda na njaa muda mrefu, mwili huishi kwa kula mafuta na misuli yake, na akiba ya madini huisha kimya kimya hata kama kipimo cha damu kinaonekana kizuri. Siku wanga unaporudi kwa wingi, insulini inapanda, na seli zinavuta fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kwa mkupuo. Damu inabaki tupu. Moyo unalegea, misuli ya kupumulia inachoka, mtu anaanza kuweweseka. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wafungwa waliotoka kwenye njaa walikufa wakiwa wamekwisha kulishwa, na hapo ndipo madaktari walipoanza kuielewa hatari hii. Basi sisi huanza na kidogo, tunatoa vitamini B1 kabla ya kuongeza chakula, na tunapima damu kila siku katika siku za mwanzo.

Yote hayo niliwafundisha wauguzi. Ijumaa mchana, shangazi yake akaja na biriani. Bawabu alimfungulia geti, mpishi akapasha moto. Binti akala sahani nzima kwa sababu shangazi alikuwa analia mbele yake. Usiku wa pili miguu ikavimba, pumzi ikawa ya haraka, mikono inatetemeka. Fosfeti ilikuwa imeanguka. Tulimkimbiza kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, na alhamdulillahi akapona.

Sikumlaumu shangazi, alileta alichonacho cha mapenzi. Sikumlaumu bawabu wala mpishi, kwa kuwa hakuna aliyewaambia. Niliyekosa ni mimi. Tangu siku ile mafunzo tunayafanya nyumba nzima pamoja, na bawabu na anayefua shuka wamo, na kila mmoja anaweza kukueleza kwa nini uji wa siku ya kwanza ni nusu kikombe. Mpishi anakaa kwenye kikao cha asubuhi pamoja na muuguzi na mtaalamu wa lishe. Yeye ndiye aliyetuambia siku moja kwamba kijana wa chumba cha tatu, maana wanaume pia huugua, anakuja jikoni kila jioni kuuliza mbaazi zinaungwaje, kwa nazi gani, vitunguu vingapi, na zikifika mezani hazigusi.

Jambo hilo la kuuliza mapishi mimi nalijua lilikotoka, na huwaeleza wazazi siku ya kwanza. Mwaka 1944 Ancel Keys na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwachukua wanaume 36 wenye afya, waliojitolea, na kuwapunguzia chakula kwa miezi sita ili wajue namna ya kuwasaidia wenye njaa ya vita. Wanaume wale, ambao hawakuwa na ugonjwa wowote wa akili, walianza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi, kukaa na sahani moja muda mrefu sana, kukasirika kwa jambo dogo, kujitenga na marafiki. Mama akisikia hivyo, mara nyingi nyusi humshuka. Alikuwa akifikiri mwanawe amekuwa mjeuri na msiri. Kumbe sehemu kubwa ya tabia ile ni njaa yenyewe inayosema, na itapungua chakula kikirudi, ijapokuwa polepole.

Ndiyo maana chakula ndiyo dawa ya kwanza. Mazungumzo ya kina ya nafsi yanasubiri, kwa sababu ubongo wenye njaa hauyashiki. Kwa vijana tunafuata njia iliyoanzia hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980, ya kuwakabidhi wazazi kazi ya kumlisha mtoto wao bila kuwalaumu kwamba wao ndio walioleta ugonjwa. Kwetu "wazazi" ni neno pana. Mara nyingi mwenye sauti mezani ni bibi, au shangazi, na nisipomwita huyo nimepoteza wakati.

Ramadhani ndiyo mwezi wangu mgumu. Saumu humpa mgonjwa ruhusa ya kutokula mbele ya watu wote, tena akasifiwa. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, iko wazi katika Surat al-Baqara, lakini nikiisema mimi inaonekana ni maneno ya daktari tu. Kwa hiyo huomba familia waje na imamu wa msikiti wao, tukae sote, asikie kutoka kwake. Na mchana wa Ramadhani tunakula mlango ukiwa umefungwa, muuguzi amekaa naye, kwa sababu aibu ya kula mtaa mzima ukiwa umefunga ni aibu ya kweli na siipuuzi.

Yule mjukuu wa Kisauni alikaa kwetu wiki kumi na moja. Wageni wetu wanapewa sharti moja getini: mwili wa mgonjwa usizungumzwe, hata kwa kusifu. Salamu yetu ya pwani, "mashallah, umenenepa!", tunayoitoa kwa moyo safi, humwingia mgonjwa wa anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, kama hukumu, na chakula cha jioni hakiliki tena. Bibi aliposikia sharti hilo alisimama pale getini na kikapu chake, akafikiri.

"Basi nikimwona nimwambie nini?"

"Mpe habari za nyumbani, bibi."

Akaingia, akaketi mezani mkabala na mjukuu wake, akavua buibui, akaanza kumsimulia jinsi paka alivyozaa wanne ndani ya sanduku la nguo za Idi.